Bodi Mbili Mezani kwa Mama

Mwezi uliopita kijana wa kompyuta alikuja ofisini kwetu kufungua mashine iliyokuwa ikizimika ovyo. Alipopuliza ndani yake kwa kipulizio chake, lilitoka vumbi la kijivu, na nyuma ya vumbi ikaja harufu ya plastiki iliyopata moto, risasi ya kuchomelea, na kitu kama bati lililopigwa na jua. Wenzangu walifunika pua wakatoka. Mimi nilibaki pale pale na faili nililotakiwa kulipeleka ghorofa ya pili, na kwa dakika kadhaa nilikuwa Kiomboi, nina miaka tisa, nafanya hesabu za kugawanya kwenye kona ya duka la mama.

Watu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa sana miaka ile. Mashirika yalikuwa yanauzwa au yanafungwa. Baba za wenzetu walirudi nyumbani mchana na bahasha, wakakaa barazani na suruali za ofisini, hawajui wafanye nini na mikono yao. Wakati huo huo madukani vitu vilikuwa vimejaa kuliko tulivyowahi kuona: redio, tochi, saa, sabuni za rangi tatu. Tuliambiwa ni soko huria. Mimi nilidhani ni soko lililoko mahali fulani, labda Singida mjini, na kwamba siku moja mama angenipeleka.

Mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja iliyohusika na mazao. Wakati wa kupunguzwa ulipofika alipunguzwa, akaruhusiwa kuondoka na mashine yake ya taipu kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeitaka. Baba alikuwa ameondoka kabla ya hapo kwenda machimboni upande wa Geita. Barua zake zilikuja mbili, kisha hazikuja tena. Mama hakulizungumza jambo hilo, nami nilijifunza kutouliza.

Mjomba Kitundu, kaka yake mkubwa, alikuwa na jengo la vyumba viwili mkabala na stendi ya mabasi. Chumba kimoja aliuzia pembejeo, yaani mbegu za alizeti, majembe na dawa za kunyunyizia. Cha pili alimpa mama afanyie kazi ya kuchapa, na hakumtoza kodi. Utotoni niliona ni jambo la kawaida la ndugu. Leo naelewa kwamba ndani ya chumba kile mama alikuwa mgeni, na alikaa kama mgeni: hakupigilia msumari ukutani bila kuuliza.

Kazi ilikuja. Watu walitaka barua za maombi, kamati zilitaka mihtasari, shule zilitaka mitihani ya majaribio. Baada ya muda mama alinunua kompyuta kuukuu kutoka kwa mtumishi aliyekuwa anahama wilaya. Ilikuwa ya kwanza pale stendi. Watu walisimama mlangoni kuitazama ikiwaka, na mama alijifunza kuitumia kwa kitabu kimoja chenye kurasa zinazong'oka. Ilidumu mwaka na kidogo. Asubuhi moja ya Jumatatu, wakati shule tatu zilikuwa zimeshaleta mitihani iliyoandikwa kwa mkono, ikakataa kuwaka.

Ndipo akaja Fundi Shabani.

Alikuwa mtu wa Itigi, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyeanza na redio akaenda Dar es Salaam miaka mitatu na kurudi anajua kompyuta. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko la Kiomboi. Alikuwa mwembamba, shati limechomekwa vizuri, na katika mfuko wa shati kulikuwa na bisibisi mbili zilizosimama kama kalamu za mwalimu. Aliongea polepole, akitazama kile alichokishika.

"Shikamoo," nilimwambia siku hiyo.

"Marahaba, binti. Hujambo? Haya, tumtazame mgonjwa."

Alifungua kasha, akagusa hapa na pale, akanusa. Kweli alinusa, kama mtu anayenusa maziwa. Kisha akamwambia mama, "Mazabodi imekufa, Mama Joyce. Vingine vyote ni vizima."

Neno "bodi" nililijua. Lilikuwa la malori. Bodi ni lile sanduku la mbao nyuma ya lori ambamo watu hupanda juu ya magunia. Sikuelewa bodi ingekaaje ndani ya kompyuta. Mama naye aliuliza, na fundi akatoa kile kibao, akakilaza mezani. Kilikuwa ubao wa kijani uliojaa vitu vidogo vilivyosimama, kama mji ukiutazama kutoka mlimani.

"Hii ni kama kiwanja cha soko," alisema. "Prosesa ina meza yake hapa, memori ina yake pale, umeme unaingilia huku. Kila mtu anasimama juu ya kiwanja. Sasa hiki kimeungua. Tazama hizi kapasita zilivyovimba vichwa. Umeme wetu unakatika na kurudi kwa nguvu, ndio umezivimbisha."

"Tufanyeje?"

"Tutafute nyingine. Ya bei ya chini ipo, ila ya bei ya chini inataka kupimwa. Vitu vya bei ya chini vyote vinang'aa siku ya kwanza."

Alipanda basi kwenda Singida siku iliyofuata na kurudi na mabodi mawili ndani ya mifuko ya rangi ya fedha. Mwenye duka alikuwa anamfahamu. Alikuwa amechukua malipo ya moja, na nyingine alimwazima kwa wiki, wapime, kisha warudishe ile wasiyoitaka. Bei zake zilikaribiana sana, kwa hiyo shida ilibaki moja tu: ipi.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya buluu inayometameta. Kila kitu kilikuwa tayari juu yake. Kifaa cha picha kimo, cha sauti kimo, hata prosesa ilikuwa imechomelewa hapo hapo kwa risasi. Tundu la memori lilikuwa moja, na lilikuwa na memori yake. Ukiitazama unaona kitu kilichokamilika. Ya pili ilikuwa kubwa, ya rangi ya ugali wa mtama, na juu yake kulikuwa na matundu marefu mengi yasiyo na kitu: matatu ya memori, matano ya kadi, na mengine ambayo sikujua ni ya nini.

Kwa macho yangu jibu lilikuwa wazi. Niliwahi kuona pale stendi basi lililong'olewa viti. Yalibaki matundu ya bolti sakafuni, na watu walisema dereva ameviuza. Bodi ya pili ilikuwa basi lile.

Upimaji ulichukua siku tatu. Mama alikuwa na daftari la mistari na saa ya mkononi. Fundi alikuwa anasema "sasa", mama anatazama mshale wa sekunde, kisha anaandika. Walipima kuwaka kwa mashine, walipima kufungua mtihani wa Jiografia wenye ramani ya Tanzania, walipima kuchapa kurasa kumi mfululizo huku fundi ameweka kiganja karibu na feni kuona joto. Mchana nilikuwa shuleni. Nilikuwa nafika saa tisa hivi, nakaa kwenye kona yangu na hesabu, na kuwatazama.

Siku ya kwanza ilikuwa ya bodi ya buluu, na ilifanya vizuri. Mama aliridhika, nikaona kazi imekwisha.

Siku ya pili walifunga ile ya rangi ya mtama, wakiwa wamehamishia ndani yake prosesa na memori za mashine ya zamani. Ikawa nzito. Ramani ilianza kujichora kutoka juu, mstari kwa mstari. Likatokea Ziwa Viktoria, likafuata pengo, ikaja mikoa ya kati, pengo tena. Mama alisubiri na saa yake, akasubiri, akamgeukia fundi kumuuliza kama imekwama.

"Haijakwama," fundi alisema kwa utulivu ule ule. "Mtwara iko njiani."

Mama alicheka.

Nataka kukieleza kicheko kile jinsi kilivyokuwa, bila kukiongezea. Mama alikuwa mtu wa kutabasamu kwa adabu. Siku ile alicheka hadi akaweka daftari mezani, akafuta macho kwa upande wa khanga, akasema, "Ifike salama basi," na fundi naye akacheka, akitazama chini. Nilikuwa sijamsikia mama akicheka hivyo tangu baba aondoke, na labda hata kabla. Nilishika penseli yangu. Hesabu iliyokuwa mbele yangu ilinishinda.

Walipotulia, mama alimuuliza kwa nini wasichukue tu ile ya buluu, ambayo ilikuwa imeizidi hii kwa sekunde nyingi.

"Leo imetuzidi," fundi alisema. "Nayo imeshafika mwisho wake. Hapo ilipo ndipo itakapokufia. Shule zikitaka picha nyingi zaidi, ukitaka printa kubwa, ukitaka intaneti ikifika huku, itakuambia haiwezi, nawe utanunua upya kila kitu. Hii nyingine ni nzito kwa sababu ina njaa. Ngoja kesho nije na memori zangu za kupimia, nikuonyeshe."

Maneno hayo yote niliyasikia. Nimeyaandika hapa kama nilivyoyasikia. Lakini mtoto anaweza kusikia neno na lisimwingie, hasa akiwa anasikiliza kitu kingine.

Siku ya tatu nilichelewa kutoka shuleni kwa sababu ya zamu ya kufagia. Nilipofika, ramani ilikuwa kwenye skrini, nzima, na mama alikuwa amenyanyua uso kwa mshangao. Ile bodi ya mtama ilikuwa imeizidi ya buluu. Fundi alizima mashine, akainama juu ya kasha lililo wazi. Nikaona kwamba matundu yale matatu ya memori yote yalikuwa yamejaa. Kisha akachomoa kipande kimoja, akafuta meno ya dhahabu ya kipande hicho kwa ufutio, akakipuliza, akakiweka katika mfuko wa shati. Akachomoa cha pili, akakiweka katika mfuko ule ule. Akafunga kifungo.

 Mama alikuwa anamwekea chai kwenye kikombe.

Mimi niliweka mkoba wangu chini, nikatoka, nikaingia chumba cha pili kwa mjomba. Alikuwa anapima mbegu kwenye mizani. Palikuwa na harufu kali ya dawa ya pamba.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba."

"Fundi anatoa vitu kwenye kompyuta ya mama. Anaviweka mfukoni."

Mjomba aliacha mizani. "Umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Viwili. Matundu yamebaki wazi."

Hakuna hata neno moja la uongo katika niliyoyasema. Nimeyarudia mara nyingi nikitafuta uongo uliko, na sijaupata. Nimejiuliza pia kama nilikwenda kwa mjomba kwa sababu niliona wizi au kwa sababu nilisikia kicheko.  Nikitaka kujitetea nachagua la kwanza, na siku nyingine nachagua la pili.

Mjomba Kitundu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwa miaka miwili alikuwa ametulisha bila kututangaza. Alikuwa na wasiwasi wa watu wa wakati ule, kwamba kila mgeni mwenye bisibisi amekuja kuchukua. Nadhani pia watu walikuwa wamemwambia mambo: huyo fundi Mwislamu wa Itigi, siku tatu sasa, dukani kwa dada yako ambaye mume wake yuko machimboni. Hayo siyajui kwa uhakika. Nayakisia kutokana na alivyoingia.

Aliingia bila kubisha. Ndani walikuwemo pia mwalimu mmoja aliyekuja kuulizia mtihani wake na mama mmoja aliyetaka barua. Mjomba aliwapita.

"Fundi, habari ya kazi?"

"Nzuri, mzee. Shikamoo."

"Naomba utoe kilichomo mfukoni."

Fundi alimtazama kidogo, kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. Kisha akafungua kifungo. Akaweka mezani bisibisi mbili, ufutio, na vile vipande viwili vyembamba vya memori.

"Hivi ni vya nani?"

"Ni vyangu, mzee. Ni vya kupimia. Natembea navyo."

"Vilikuwa ndani ya mashine hii."

"Vilikuwemo. Nimevitia saa nane, nimevitoa sasa hivi."

Mjomba aliinama juu ya kasha. Alinyoosha kidole akagusa tundu moja, la pili, akaendelea hadi kwenye yale ya kadi. "Na haya yote? Mbona ni matupu?"

"Ndivyo yalivyotoka kiwandani. Hakijatolewa kitu. Ni nafasi ya kuongeza baadaye, na ndiyo thamani ya bodi hii. Ile nyingine haina."

"Kwa hiyo umemuuzia dada yangu nafasi."

Mwalimu alicheka kidogo, akaacha.  Fundi alimgeukia mama, ambaye alikuwa amesimama upande wa pili wa meza na daftari lake mkononi.

"Mama Joyce," alisema. "Hebu mweleze mzee."

Kila kitu kilikuwa katika daftari lile, kwa mwandiko wa mama: sekunde za bodi ya buluu, sekunde za bodi ya mtama, na sekunde zake ikiwa na memori za fundi, ambazo mama mwenyewe aliziandika pembeni "za fundi". Mjomba alimsemesha kwa Kinyiramba, lugha ya kwetu, maneno mawili matatu ambayo fundi hakuyaelewa. Alimuuliza kama anamfahamu mtu huyu vizuri kiasi cha kumsimamia mbele za watu.

Mama aliweka daftari mezani. Alilisogeza hadi ukingo wake ukawa sawa na ukingo wa meza. Hakusema kitu, wala kwa Kiswahili wala kwa Kinyiramba.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisubiri fundi apige kelele, kwa sababu nilidhani ndivyo wezi wanavyofanya. Hakupiga. Alichukua bisibisi zake na ufutio, akatia bodi ya buluu katika mfuko wake wa rangi ya fedha ili airudishe kwa mwenyewe. Memori mbili aliziacha pale mezani.

"Vipande vyako hivi," mjomba alisema, na sauti yake haikuwa na uhakika tena.

"Vikae hapo, mzee. Siwezi kutoka navyo sasa."

Alifunga kasha kwa skrubu zote nne, bila haraka, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha bila hizo. Akamwambia yule mama wa barua, "Samahani kwa kukuchelewesha." Akanipita mlangoni. Sikumbuki kama alinitazama. Kwa miaka mingi nilikuwa na hakika alinitazama, lakini nadhani hiyo niliiongeza mwenyewe.

Wiki ile ile mjomba alimleta fundi mwingine kutoka Singida, mtu mnene aliyevaa saa kubwa. Alifungua, akaangaza tochi, akafunga.

"Hakijatolewa kitu hapa," alisema. "Matundu haya yanakuja hivi hivi. Na kwa bei hii mmepata bodi nzuri. Aliyewachagulia anaijua kazi."

Mjomba alisema, "Basi," akaenda kupima mbegu. Hakulitaja tena jambo lile maisha yake yote. Baadaye mwaka ule alimnunulia mama kiti kipya cha kufanyia kazi, chenye mto. Mama alimshukuru, akakikalia.

Mama na mimi tulikwenda kumtafuta Fundi Shabani, lakini chumba chake cha nyuma ya soko tulikuta kimeshapangishwa kwa mshonaji. Alikuwa amerudi Itigi. Mama alitia zile memori mbili ndani ya bahasha, akampa dereva wa lori lililokuwa linakwenda huko kufuata asali. Nilimwona akiandika jina la fundi juu ya bahasha kwa herufi kubwa. Ndani hakuweka barua. Alikaa na kalamu muda mrefu, kisha akalamba gundi na kufunga.

Baada ya hapo hakuruhusu fundi mwingine kugusa mashine. Alinunua bisibisi yake. Jumapili, tukishatoka kanisani, alikuwa anatandaza khanga kuukuu mezani, anafungua kasha, na kufuta vumbi kwa brashi ya rangi.  Baada ya miezi michache alikuwa anachomoa na kuchomeka kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Akaongeza memori ya kwanza, mwaka uliofuata ya pili. Akaweka kadi ya kuunganishia laini ya simu intaneti ilipofika kwetu kwa kuchechemea. Akabadilisha prosesa kwa nyingine yenye nguvu zaidi, iliyokuwa imeshuka bei wakati huo kwa sababu dunia ilikuwa imesonga mbele. Duka lingine la kuchapa lilifunguliwa upande wa pili wa stendi na mashine mpya zinazometa. Shule zikataka picha na michoro katika mitihani, na lile duka likaanza kuchelewesha. Mama hakuchelewesha. Watu wakaanza kumletea mashine zao mbovu, hata kutoka Nduguti, na wengine walikuwa wanamwita fundi bila kutania. Mimi nilisoma sekondari kwa kazi ya bodi ile.

Kila alipoongeza kitu nilikuwepo, na kila mara nilipata kile kipimo kidogo cha aibu, kama mtu anayemeza kidonge kila siku kwa saa ile ile. Sikumwambia mama kwamba ni mimi niliyekwenda kwa mjomba. Alikuwa anajua, bila shaka. Hakuna mwingine aliyetoka nje saa ile.

Nilipomaliza kidato cha sita nilipangiwa chuo, na safari ikanipitisha Itigi kupanda treni. Treni ilichelewa, kama ilivyokuwa desturi yake. Nikauliza watu, nikaelekezwa kibanda karibu na stesheni, kati ya wauza asali. Fundi Shabani alikuwa anatengeneza simu. Nywele zilikuwa zimeanza mvi pembeni. Mtoto wa kiume wa miaka kama minne alikuwa amelala juu ya mkeka chini ya meza.

Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Aliweka simu chini.

"Joyce. Wa hesabu." Alitabasamu. "Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na ile bodi?"

"Inafanya kazi mpaka leo. Amebadilisha prosesa. Amebadilisha na feni."

"Nani amembadilishia?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Anatengeneza mashine za watu siku hizi."

Aliinamia ile simu. Nikaona kwamba habari ile imempendeza na imemuumiza kwa pamoja, na kwamba hakutaka niione. Nikaona ni bora nimalize nilichoendea. Nikamwambia kuwa ni mimi niliyemwita mjomba, kwamba niliona vibaya, na kwamba namuomba msamaha. Nilikuwa nimelipanga neno hilo tangu nikiwa darasa la nne, na lilipotoka lilikuwa fupi sana.

"Nilijua," alisema. "Lakini wewe uliona kitu ukakisema. Mtoto hana kosa hapo." Alichukua bisibisi, akaizungusha vidoleni. "Wewe sikukuuliza kitu siku ile. Nilimuuliza mama yako."

 Mke wake alileta chai kwenye chupa, akanikaribisha, akamwamsha mtoto. Tulikunywa. Tuliongea habari za treni. Nilipoaga alinifungashia asali kidogo kwenye chupa ya maji, akasema safari njema. Hakunituma lolote.

Nililala kwenye kiti cha treni nikiwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Miaka yote nilikuwa nimebeba jambo lile kama la kwangu peke yangu. Nilikuwa naona mlango, mjomba, mfuko wa shati. Mama sikuwahi kumweka ndani ya picha, ingawa ndiye alikuwa katikati yake, na daftari mkononi. Baadaye, nilipopata kazi na kupanga chumba changu, ndipo nilipoanza kukielewa kimya chake. Angesema nini, katika chumba cha kaka yake, mbele ya mwalimu na yule mama wa barua, akiulizwa anamfahamu mtu huyu kiasi gani? Kila jibu la kweli lingekuwa kubwa kuliko memori mbili.

Likizo ya kwanza nilirudi Kiomboi. Mama alikuwa dukani, ameinama juu ya kasha la mtu wa Nduguti, miwani imeshuka puani. Nilimwamkia, nikaweka mzigo chini, tukaongea habari za chuo na za mjomba ambaye alikuwa anaumwa mgongo. Kisha nikasema, kama jambo dogo tu, kwamba wakati wa kwenda nilimwona Fundi Shabani pale Itigi.

Mkono wake ulisimama ndani ya kasha.

"Hajambo?"

"Hajambo. Ana mke na mtoto. Anatengeneza simu." Nikasita. "Anakusalimu."

Mama aliendelea kukaza skrubu, taratibu, mpaka ikafika mwisho.

"Hakutuma salamu huyo," alisema bila kugeuka. "Ila asante, mwanangu."